Mita Kumi na Mbili

Mpima ardhi alikunja utepe wake wa chuma, akaandika kitu kwenye karatasi, akajifuta jasho la shingo, kisha akatamka maneno yaliyotaka kuyavunja makazi mazima.

"Mia moja themanini na nane."

"Themanini na nane nini?" aliuliza Mama Fundi.

"Mita, mama. Urefu wa shamba lako, kutoka barabarani mpaka kigingi cha bondeni."

"Shamba langu ni mita mia mbili."

"Lilitakiwa kuwa mia mbili. Lina mia moja themanini na nane. Mimi sina shangazi wala mjomba hapa, mama. Nasoma utepe tu."

Jamaa alikuwa mwembamba, mwenye kofia pana, ametumwa na serikali kupima upya mashamba yote ishirini ili kila mwenye shamba apate hati yake. Watu walimpokea kwa shangwe, wakamchinjia hata jogoo. Laiti wangejua fitina aliyoibeba ndani ya kile kisanduku cha utepe, wangemgeuzia njiani na jogoo wao angepona.

Mama Fundi hakuondoka pale bondeni. Alitazama ng'ambo ya kigingi chake. Hatua mbili tu mbele mahindi yalikuwa yamesimama marefu, yamenona, hayana hata jani la njano. Hilo lilikuwa Shamba la Mbegu. Kwa maneno lilikuwa la watu wote, na kila msimu kila kaya ilipewa mbegu zilizotoka humo. Kwa vitendo, ufunguo wa ghala lake ulining'inia shingoni mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, mwenyekiti wa makazi tangu siku ya kwanza. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mzee Kisiki.

"Mita kumi na mbili," alisema Mama Fundi peke yake. "Loo! Na ndugu yake wa tumbo moja!"

Jina la Kisiki mzee yule hakuliokota. Miaka kumi na sita nyuma mahali pale palikuwa pori tupu, nguruwe na miiba, na waliomfuata walikuwa watu waliochoka kulima vipande vya kurithi visivyotosha hata kugeuza jembe. Alikata mti wa kwanza, akaketi juu ya kisiki chake, akasema yeye hapo hatoki. Homa ikamkamata palepale. Wenzake wawili walipotaka kumbeba wamrudishe kwao, aliwafukuza kwa panga huku akitetemeka. Yeye ndiye aliyechora barabara, akachagua mahali pa kuchimba kisima, akaamua nani awe jirani ya nani. Ukimwuliza swali alikukabidhi jembe, hilo ndilo jibu lako.

Na mashamba aliyapima yeye, yeye na mdogo wake, kwa kamba. Ilikuwa kamba ya katani ya mita hamsini, ambayo mdogo mtu, yaani mume wa Mama Fundi, aliisokota mwenyewe juu ya paja lake wiki nzima mpaka paja likachubuka. Upana wa mashamba yote waliuwekea vigingi kando ya barabara kwa siku moja. Urefu ndio uliopimwa kila mtu alipofika: kamba nne kushuka bondeni, mdogo mbele na ncha moja, mkubwa nyuma na ncha ya pili. Kaya kumi na moja zilifika jua likiwaka, zikaitwa Watu wa Kiangazi. Kaya tisa zilifika miezi minne baadaye, matope yakiwa magotini, zikapimiwa na ndugu wale wawili wamejifunika magunia kichwani. Hao ndio Watu wa Mvua. Mpaka leo, kisimani au arusini, utasikia mtu anataniwa, "Tulia wewe Mtu wa Mvua, umekuta wenzio tumeshalima!" Mume wa Mama Fundi alikuwapo tangu kiangazi akiwapimia wenzake, lakini shamba lake alilingojesha mpaka mkewe afike. Kwa hiyo nao wakawa Watu wa Mvua.

Kufikia Jumatano mpima alikuwa amemaliza yote ishirini. Watu wa Kiangazi: mia mbili, mia mbili, mia mbili na ushee. Watu wa Mvua: mia moja themanini na nane, themanini na saba, themanini na tisa. Tisa kwa tisa, hakuna hata mmoja aliyesalimika. Na nyuma ya vigingi vya hao tisa, kutoka shamba la kwanza mpaka la mwisho, ndipo lilipotandaa Shamba la Mbegu. Hesabu hiyo haikuhitaji mtu aliyesoma.

Siku hiyohiyo alikuja barazani kwa Mama Fundi mwenye mashine ya kusaga. Watu walimwita Mashine, kwa sababu miaka ya kupigana na kelele za kinu chake ilimfanya asijue kusema polepole hata msibani. Naye alikuwa Mtu wa Mvua. Mama Fundi alikuwa kwenye cherehani, anatia viraka suruali ya mtu, na hakuinua mguu kwenye kanyagio.

"Shikamoo, Mama Fundi!"

"Marahaba. Punguza sauti, sindano itaruka."

"Nimekuja kwa jambo moja tu," alisema Mashine kwa sauti ambayo kwake ilikuwa mnong'ono na kwa jirani wa tatu ilikuwa tangazo. "Jumamosi tunakutana ghalani. Tunamwondoa Kisiki. Mpima amesema Jumatatu anasimika bikoni za saruji mipakani, na akishazisimika ndiyo basi, hazing'oki. Kwa hiyo ni Jumamosi au hatupati tena. Lakini Watu wa Kiangazi wanamtetea. Wanasema tuna wivu. Tunataka shahidi."

"Shahidi ni utepe."

"Utepe unasema kimepungua nini, hausemi nani amepunguza! Waliojua siri ya kamba ile ni watu wawili. Mmoja yuko kaburini. Wa pili ana ufunguo shingoni. Wewe ulilala na yule wa kwanza miaka ishirini na miwili. Usiniambie hakukuambia kitu."

Mama Fundi alisimamisha cherehani. Alimwambia atafikiri. Hakumwambia kwamba alichoambiwa na marehemu alikuwa nacho kifuani miaka mitatu, na kila alipokigusa kilimchoma.

Kwani hivi ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule wa kwanza, mvua zilipokatika, ndugu wale wawili walikosana. Si ugomvi wa kupigana wala kutukanana hadharani. Siku moja mumewe alirudi nyumbani kabeba kamba yake begani, akaitundika juu ya dari la jikoni, akanawa, akala, akalala. Tangu siku ile Kisiki hakukanyaga tena uani kwao. Walisalimiana kisimani kama watu wanaosubiri gari moja. Miaka kumi na tatu! Mume alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, mbwa akibweka tu langoni alikuwa anainua kichwa kwenye mto na kuuliza, "Kaka huyo?" Na Mama Fundi anajibu, "Siye. Ni mtu anapita." Siku mbili kabla hajakata roho alimwambia mkewe, "Kaka anajua habari ya kamba. Muulize yeye." Akafa. Kisiki alikuja mazishini, akasimama nje ya lango na kofia mkononi, akaondoka bila kunywa maji.

Sasa wewe niambie, mtu asiye na hatia anasimama nje ya lango kwenye msiba wa mdogo wake?

Alhamisi asubuhi Mama Fundi alijifunga kanga ya pili akaenda ghalani. Alimkuta Kisiki ameketi kwenye gunia, anachagua mahindi ya mbegu. Alikuwa anapukuchua punje za ncha na za shina na kuzitupa kwenye debe la kuku, akibakiza zile za katikati tu, zilizolingana. Mikono yake mikubwa ilifanya kazi hiyo taratibu, kama ya mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Alikuwa amezeeka. Jambo hilo lilimuudhi Mama Fundi, maana alitaka kumkuta mnene.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji. Keti."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Mita zangu kumi na mbili ziko wapi?"

Kisiki aliendelea kupukuchua. "Mambo ya kamba mimi na marehemu tuliyamaliza."

"Mliyamalizaje? Mbona mimi niliyekuwa naye kitanda kimoja sikuyaona yakiisha?"

"Shemeji."

"Mbona hukumjia hata alipokuwa anakuita?"

Hapo mkono ulisimama. Punje mbili zikaanguka sakafuni, mzee akainama akaziokota, akachukua muda mrefu kuliko punje mbili zinavyostahili.

"Jumamosi nitasema nitakalosema," alijibu. "Wewe nakuomba kitu kimoja. Usiseme neno. Wakikuuliza, sema hujui. Umenisikia?" Halafu, kama mtu aliyekumbuka kufunga mlango, akauliza, "Ile kamba bado unayo?"

"Ninayo."

"Ichome."

Ala! Mama Fundi alitoka mle ndani miguu haigusi chini. Ichome! Mtu anakuibia, halafu anakupa na kiberiti uteketeze ushahidi! Kama alikuwa amebakiza chembe ya shaka, ikamwisha palepale kwenye vumbi la barabara. Alimpitia mpima ardhi aliyekuwa anakunywa chai chini ya turubai lake, akamwambia amfuate nyumbani na utepe wake, na chai aiache.

Waliishusha kamba kutoka darini, nyeusi kwa moshi, imejaa vumbi na mavi ya panya. Kila ncha ilikuwa na kitambaa chekundu, ambacho Mama Fundi alikishona mwenyewe miaka ile kwa uzi wa mara mbili ili kionekane majanini. Waliifunga kwenye nguzo ya jikoni, wakaivuta kupita uani mpaka lango la barabarani. Kitambaa chekundu cha pili kikagusa nguzo ya lango, kikakaa hapo barabara. Mpima akatandaza utepe wake pembeni.

"Hamsini," alisema. "Hamsini na vidole viwili. Aliyeisokota hii alikuwa fundi."

Mashine alikwishafika, maana habari kwake hazichelewi. "Kamba nzima!" alipaza sauti. "Mmeona? Kamba haina kosa! Basi mkono ndio wenye kosa. Mama Fundi, Jumamosi uje na kamba hiyo, tuiweke mezani mbele yake. Na wewe useme."

"Nitasema," alijibu Mama Fundi, na alimaanisha.

Lakini kuna jambo moja kumhusu Mama Fundi ambalo kila aliyeshonewa naye analijua. Hakuwahi kumkabidhi mtu nguo bila kuifua na kuipiga pasi, hata kama ililetwa imejaa tope. Kupeleka mbele ya mkutano kamba yenye mavi ya panya, tena ya mume wake? Thubutu! Ijumaa asubuhi aliizamisha kamba kwenye beseni la maji na sabuni, akaikanyagakanyaga, akabadili maji mara tatu mpaka rangi ya katani ikarudi. Kisha akaifunga kwenye nguzo ya jikoni kama jana, akaivuta kupita uani aianike.

Haikufika langoni.

Alivuta. Alivuta tena kwa uzito wa mwili wote. Ilikaza, ikadondosha maji, ikasimama hatua tatu nzima kabla ya nguzo ya lango.

Wameikata! Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba Kisiki ameingia jikoni wakati yeye yuko kisimani. La pili, ni Mashine, anayetaka kamba ionekane fupi ili mambo yamnyookee. Aliwaza hata mpima. Kwa dakika kumi hakuna mtu katika makazi yale ambaye Mama Fundi hakumwona na kisu mkononi. Ndipo akakitazama kitambaa chekundu. Ulikuwa uzi wake, mshono wake wa kurudia, na ile kona aliyoikunja vibaya kwa sababu ya haraka. Akakimbilia nguzo ya jikoni. Kitambaa cha pili nacho kizima. Kamba haikukatwa. Kamba ilikuwa ileile.

Alikaa chini palepale uani, kanga imelowa.

Jua lilipozidi aliona kwa macho yake: kamba ililegea kidogo, akaivuta, ikasogea. Saa sita ilibaki hatua mbili. Saa kumi, hatua moja. Katani imekunywa maji, ikavimba, ikajikunja, ikafupika. Inakauka, inarudi. Mwanamke aliyeanika nguo miaka arobaini, na hakuwahi kuwaza hivyo! Wanaume wawili waliojifunika magunia, maji yakiwachuruzika puani, nao hawakuwaza. Na jina walikuwa wanatembea nalo miaka kumi na sita, wanalitania arusini. Watu wa Mvua.

Utadhani hapo ndipo moyo wake ulipotulia. Wapi! Moyo uliokwisha kuzoea kushuku hauachi kazi kwa siku moja. Kama kamba ndiyo iliyokosa, kwa nini mzee alisema ichomwe? Mtu hachomi kisichomtisha. Labda Kisiki alijua tangu mwanzo. Labda aliziona mvua zinakuja, akajua kamba itafupika, akawangojesha wale tisa makusudi. Na labda ndilo marehemu alilogundua, ndiyo maana akaibeba kamba yake begani akarudi nyumbani. *Kaka anajua habari ya kamba.* Kila neno lilikaa mahali pake.

Jumamosi aliitia kamba kwenye ndoo ya maji, akaibeba ndoo kichwani mpaka ghalani. Hakwenda kumtetea Kisiki. Alikwenda kuuona uso wake kamba itakapopimwa. Uso hauwezi kujiandaa kwa jambo ambalo haukuambiwa litakuja, na yeye alikuwa amekata shauri kwamba atakachokiona pale ndicho atakachokisema.

Ghala lilijaa. Watu wa Kiangazi upande wa mlango, Watu wa Mvua upande wa magunia, kama arusi ya watu wasiopendana. Mpima alikaa katikati na kofia yake magotini. Mashine alisimama kufungua kinywa, lakini Kisiki alimtangulia. Alikuwa amevaa shati safi.

"Sitawachosha," alisema. "Mashamba nilipima mimi. Yamepungua. Kosa ni langu, si la mtu mwingine yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Vigingi visogezwe mpaka mita mia mbili, kila mtu apate haki yake. Ufunguo huu hapa." Akauvua shingoni, akauweka mezani. "Mtafuteni mwenyekiti mwingine."

Mashine akaruka. "Amekiri! Mmesikia? Amekiri kwa kinywa chake!"

Watu wa Mvua wakaanza kupiga makofi. Upande wa mlango mzee mmoja wa Kiangazi aliinamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili.

Mama Fundi alikuwa amesikia maneno yaleyale waliyosikia wote, ila yeye masikio yake yalikwama pahali pamoja. *Aliye hai wala aliyekufa.* Nani alikuwa amemtaja aliyekufa?

"Ngojeni," alisema. Aliiteremsha ndoo katikati ya ghala. "Bwana mpima, njoo na utepe. Pima."

Waliivuta kamba ikichuruzika, kutoka ukuta wa nyuma, kupita mlangoni, mpaka nje juani. Mpima alipima, akakunja uso, akapima tena.

"Arobaini na saba."

"Imekatwa!" alipiga kelele Mashine.

"Nyamaza wewe, hapa si kinuni!" Mama Fundi aliinua ncha yenye kitambaa chekundu. "Huu ni mshono wangu. Ncha ya pili ni mshono wangu. Alhamisi, kamba hii, kavu, ilikuwa hamsini, na wewe Mashine ulikuwapo ukipiga yowe. Leo imelowa. Arobaini na saba mara nne ni ngapi?"

Midomo ikaanza kuhesabu.

"Mia moja themanini na nane," alisema mpima polepole, na akaitazama kamba kwa macho mapya.

"Nyinyi mnaitwa watu wa nini?" Mama Fundi aliwageukia wenzake. "Semeni! Mnaitwa watu wa nini?"

"Wa Mvua," alisema mtu mmoja nyuma, kwa sauti ndogo kabisa.

Hapo ndipo alipomgeukia Kisiki, amwangalie usoni kama alivyopanga. Alikuwa tayari kuona mtu aliyefumwa. Alikuwa tayari hata kuona mtu aliyefurahi kuokoka. Alichokiona hakukitarajia. Mzee alikuwa ameishika kamba mikononi, anaiminya, maji yanamtoka katikati ya vidole na kudondokea viatu vyake.

"Ikilowa inapungua?" aliuliza. "Shemeji, ikilowa tu? Bila mtu kuivuta? Bila mtu kuilegeza?"

"Ikilowa tu. Hukujua?"

"Mimi nilimwita mwizi."

"Nani?"

"Mdogo wangu." Alisema bila kuwatazama, kana kwamba ghala lilikuwa tupu. "Mvua zilipokatika nilirudia kupima shamba moja kwa kamba hiihii, nikaona limepungua. Nikapima la pili, nalo vilevile. Mimi nilikuwa nyuma, nimesimama kwenye kigingi. Yeye ndiye aliyekuwa mbele, yeye ndiye aliyekuwa anapigilia. Na alikuwa ameniomba huku bondeni alime mboga. Nikaona basi, anafupisha makusudi, bonde libaki lake. Nikamwambia, umeniibia watu wangu. Akaniambia, kaka, kamba nimeisokota mimi, siwezi kuibia kwa kamba yangu. Nikamwambia, basi chukua kamba yako na uondoke nayo. Bonde nikaligeuza la mbegu za wote, ili asilipate. Na nikanyamaza, asije akaaibika mbele ya watu." Aliiminya kamba tena. "Nikadhani namsitiri. Miaka yote nilidhani namsitiri, hata nilipokuambia uichome."

Mashine, aliyekuwa bado wima, akarudi kuketi juu ya gunia.

Mama Fundi alimtazama shemeji yake na hakujua ampige au amshike mkono. Hasira aliyokuja nayo haikuondoka, ila ilikosa pa kukaa. Alimwonea huruma, na alimchukia, vyote kwa pamoja. Mume wake alilala pale kitandani akisikiliza mbwa wakibweka, akingoja aambiwe kwamba si mwizi, na aliyetakiwa kumwambia alikuwa mtaa wa pili anachagua mbegu. Akaichukua kamba kutoka mikononi mwa mzee, akaikunjia ndani ya ndoo, akaondoka. Nyuma yake alisikia mzee wa Kiangazi akiuchukua ufunguo mezani na kumrudishia Kisiki, na akasikia ukianguka sakafuni, maana hakuna aliyeupokea.

Jumapili asubuhi aliianika tena kamba, kutoka nguzo ya jikoni kuelekea langoni. Ilikuwa bado nzito kwa maji. Kitambaa chekundu kilining'inia hatua tatu kabla ya nguzo, naye akarudi kwenye cherehani yake. Hakuwa amekaa sana mbwa akabweka.

Alisimama mlangoni. Nje ya lango alikuwa amesimama Kisiki, kofia mkononi, mahali palepale aliposimama siku ya mazishi. Safari hii shingo yake haikuwa na ufunguo.

"Hodi," alisema mzee.

Bila kujua, Mama Fundi alikuwa amegeuza kichwa ndani, kuelekea chumba cha kulala, kwa mazoea ya ile miezi ya ugonjwa, kama mtu anayesubiri kuulizwa.

"Ndiye," alisema kukiambia kile chumba. "Amekuja."

Kisha akaifunga kanga yake vizuri, akavuka ua kwenda kumfungulia.

Kisiki hakuingia ndani ya nyumba. Aliomba akae pale uani. Alikwenda kwenye ncha ya kamba, akakishika kitambaa chake chekundu, akaketi chini, mita tatu kutoka langoni, akaanza kungoja ikauke.